Unyoya Mweusi kwa Maji Mekundu

Upepo wa Lodwar umegeuka leo, na tangu asubuhi sijakaa kiti kimoja. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nimepanga vikombe, nikavipangua. Mke wa mwanangu ameniambia, "Ata, kaa basi. Si umestaafu?" Ata ni bibi kwa Kiturkana. Nimekaa. Mikono imekataa kukaa. Basi nimechukua kalamu niwaandikie nyinyi vijana mnaonipigia simu kutoka ziwani Turkana na kutoka Kakuma, mkiuliza ndoano gani, chambo gani, wakati gani. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Someni hapa.

Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, nilijifunza nikiwa na wajukuu tayari. Usipoweza kuusoma mpe mwenzako, msinipigie.

Kwanza muache kuniuliza "chambo kizuri ni gani". Hakuna chambo kizuri. Kuna chambo na maji. Ukifika ziwani, kabla hujafungua mfuko, kabla hujamsalimia mtu, angalia maji. Teka kidogo kwenye kikombe cheupe. Maji yetu yana rangi tatu. Kuna ya kijani, yale ya miezi ya kiangazi. Halafu mto wa kaskazini unaanza kujaa huko Ethiopia, mvua ambayo sisi hatuioni hata tone, na maji yanageuka polepole, kwanza kama chai ya rangi: sehemu ya chini ya kikombe bado unaiona. Baadaye yanakuwa chai ya maziwa, na huoni kitu. Hayo ndiyo tunayaita maji mekundu. Mtu wa Lowarengak anayapata kabla ya mtu wa Kalokol, kwa sababu yuko karibu na mto.

Zamani ungejua yanakuja lini. Sasa watu wa juu wanaufunga mto na kuufungua wanavyotaka, maji yanakuja bila adabu. Ndiyo maana nasema angalia kikombe, usiangalie kalenda.

Maji ya kijani ni rahisi, hata mvivu anashika. Sangara, ambaye wengine mnamwita mbuta, anawinda kwa macho. Mpe kitu kinachong'aa. Sisi tulikata makopo ya mafuta ya msaada kutoka Kakuma, kipande kama jani, tukakikunja kidogo katikati ili kikivutwa kitetemeke. Usipokikunja kinakuja kama kijiti, na samaki anakutazama tu na kukudharau. Lakini kitu kinachong'aa kinamwita na lokel, yule samaki wa meno. Lokel anakata mshipi kama wembe. Funga waya mfupi kabla ya ndoano, tena waya wa chuma. Nimeona vijana wanafunga uzi wa kushonea viatu. Nimeona pia wanalia.

Ngege, wengine mnamwita perege, usimpelekee bati. Yeye hawindi, anakula majani na ukungu wa kwenye mawe. Mpe donge la ugali lililokandwa na mafuta, dogo kama punje ya mahindi, na ndoano ndogo. Ziwa likipanda na kufunika nyasi, mfuate huko kwenye maji mapya, ndiko anakotaga. Ukiwakuta wanalinda mayai waache. Nasema waache. Ukila mama leo, mwakani utakula mawe.

Kambare anataka harufu. Utumbo wa mbuzi uliolala. Ukikosa, kipande cha sabuni ya kufulia, kile cha rangi ya udongo. Msicheke. Na mkishatoa utumbo wa samaki, msiutupe pale mnaposimama. Mamba anajifunza mahali haraka kuliko nyinyi.

Ngoja, upepo umefungua dirisha.

Nimefunga. Haya. Mnalotaka kujua hasa ni maji mekundu, maana ndipo mnapopiga simu kwa sauti ya kilio. Hapo siwezi kuwaambia tu "fanya hivi". Lazima niwaambie niliyajuaje, na kabla sijayajua nilikaribia kupoteza moto wangu.

Nilikuwa mjane bado kijana, na watoto wadogo, huko Lowarengak. Mume wangu alikufa kwa homa. Kwa desturi yetu mjane hakai hivihivi, ndugu wa mume anamrithi. Ndugu huyo alikuwa shemeji yangu Lokwang, wa Kaaleng, mwenye wake wawili tayari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo mwingi tu. Mimi sikutaka kuwa mpishi wa tatu kwenye boma la mtu. Nilitaka kuamka na kuwasha moto wangu mwenyewe, niupulize mwenyewe, uwake au uzime ni shauri langu.

Mwenye kuamua alikuwa baba mkwe wangu. Jina lake siliandiki. Mwanamke wa kwetu halitamki jina la baba wa mumewe, na hata kalamu imekataa. Nitamwita Mzee. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na kwa watu wa ng'ombe wa umri wake, anayekula samaki ni maskini ambaye mifugo imemkimbia. Yeye samaki hakumgusa maisha yake yote. Lakini watoto wa mwanawe walikuwa wanakula kutokana na mshipi wangu, niliourusha kutoka jiwe la ufuoni karibu na ua wangu, na hilo aliliona. Alisema, "Kaa hapo kwenye jiwe lako. Moto wako ukiwaka wakati wote wa maji mekundu, sitasema neno. Ukizimika, unahamia kwa Lokwang."

Alijua alichosema. Mwaka uliotangulia maji mekundu yalikuwa yamenikausha kabisa. Bati lilikataa. Nilikwenda Kaaleng kuomba unga kwa huyo huyo Lokwang, na akanipa huku akitabasamu.

Mwaka huo wa sharti la Mzee maji yalikuja mapema. Nikateka kikombe: chai ya maziwa. Bati nilirusha mpaka bega likavimba. Wakati huo alikuja Mama Furaha. Huyu alikuwa Mkongomani wa kambi ya Kakuma, anakaanga samaki sokoni huko, anakuja kwangu kwa lori na karatasi yake ya ruhusa kununua sangara. Alikuwa mnene, mcheshi, anaimba nyimbo za kanisa hata akiparua magamba. Alizaliwa kando ya ziwa Tanganyika, na alijua samaki kuliko wanaume wengi wa ufuo wetu.

"Mama, samaki iko wapi?" akauliza kabla hajateremka vizuri.

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Maji yote hii?"

Nikamwonyesha kikombe. Akatazama, akaguna. "Batu ya kwetu banafunga manyoya ya kuku kwa ndoano. Samaki anaona ni kadudu, anakula." Akatoa manyoya meupe kwenye mkoba, alikuwa nayo, sijui kwa nini mtu asafiri na manyoya. Tukafunga. Tukarusha. Hakuna. Kumbe Tanganyika maji ni safi, unaona mpaka chini, na kitu cheupe kinaonekana. Kwetu kile cheupe kiliingia kwenye tope na kupotea kama chumvi.

Siku ya pili yake, Mama Furaha bado akisubiri lori la kurudi, wakaja Mzee na Lokwang na punda. Habari za jiwe langu tupu zilikuwa zimefika Kaaleng. Lokwang alinisalimia kwa furaha, "Ejok, mke wangu!" Nikaendelea kukunja mshipi. Akasema, "Funga vyombo pole pole, punda hana haraka." Mzee alikuwa anapitia kwangu akielekea kwenye sherehe ya rika lake, kwa hiyo alibeba kofia yake ya udongo, ile wazee wanayovaa kichwani, na manyoya yake ya mbuni ndani ya kibuyu kirefu. Aliyatoa, meusi, marefu, yanang'aa, akayachomeka kwenye ua wa miba yapigwe na upepo yatoke vumbi. Akalala kivulini, kichwa juu ya kigoda.

Mimi nikaanza kufunga vyombo. Sufuria, kibuyu, mkeka wa watoto. Mafiga matatu ya moto wangu niliyaacha mwisho. Niliyatazama nikaona hayana maana ya kubebwa, ni mawe tu, hata Kaaleng kuna mawe. Hasira ikanipanda hapo, siyo mbele ya watu.

Ndipo nikasikia Mama Furaha anapiga kelele kule kwenye jiwe. Niliacha vyombo nikakimbia, nikidhani ni mamba. Alikuwa ameegemea nyuma, miguu imekwama kwenye ufa wa jiwe, mshipi umezunguka kiuno chake kile kinene, na anaimba haleluya huku anavutwa. Tuliushika wote wawili. Kidole changu hiki, ambacho hakikunjiki mpaka leo, kilikatwa siku hiyo. Tulimtoa sangara mrefu kama mtoto wa shule, akajipigapiga kwenye mawe, na alipofungua mdomo nikaona kilichomo.

Unyoya wa mbuni. Mweusi. Wa Mzee.

"Umeutoa wapi?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Kule kwa miba. Nilidhani mulikula kuku."

"Kuku! Kuku wa ukubwa huo?"

"Nilisema hii Turkana kila kitu ni kirefu."

Wanawake waliokuwa wakianika samaki karibu waliangua kicheko, halafu wakanyamaza ghafla, kwa sababu Mzee alikuwa amefika. Mjue ubaya wa jambo hili, nyinyi mliozaliwa na simu mkononi. Unyoya ule ni heshima ya mwanamume mbele ya rika lake. Ukishashika harufu ya samaki, hauwezi kurudi kichwani. Akiuvaa kwenye ngoma, wenzake watashika pua, na watamwuliza ng'ombe wake wamefia wapi. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kumkosea mzee wa Kiturkana namna ile, ila mgeni anayepika vizuri.

Lokwang alifurahi mno. "Baba, unyoya wako umeolewa na samaki! Mahari tutadai kwa nani?"

Mzee alimtazama Mama Furaha, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti na kusema "samahani, papa, samahani" kwa lugha zote alizonazo. Kisha akazungumza na mimi. Mimi kwa heshima nilitazama chini, na niliongea na mawe.

"Bati lilikataa?"

"Lilikataa, baba."

"Utumbo?"

"Kambare tu, na kambare hatoshi watoto."

"Na huu ulikubali."

"Umekubali, baba."

"Rusha nione."

Nilirusha. Unyoya ulikuwa umelowa, nimeufungia kipande cha chuma juu yake uzame. Nikavuta. Hakuna. Nikarusha tena, nikavuta, hakuna. Tena. Nyuma yangu nilimsikia Lokwang anamsogeza punda na kuanza kupakia sufuria zangu, makusudi kwa kelele. Moyo ulinienda mbio na mkono ukaufuata. Nilivuta kama mtu anayefukuzwa.

Mzee akasema, "Simama."

Nikasimama.

"Unyoya hauchezwi hivyo."

Hebu fikirini. Mtu ambaye hajawahi kushika mshipi, ambaye samaki akipita anageuza uso. Akaiweka fimbo yake chini kwenye mawe. Alikuwa mzee, magoti yalikuwa yanalia ukimsikiliza akiinuka. Akaruka. Ule mruko wetu wa ngoma, wima, miguu pamoja. Aliruka kidogo tu, maana nguvu hakuwa nazo, akatua, akajipiga kichwani kwa kiganja mahali unyoya unapokaa.

"Mtu anapanda, unyoya unalala," akasema. "Mtu anatua, yeye amesimama tayari, na unyoya ndio kwanza unainama. Unamchelewea mwenye kichwa. Wasichana wanatazama huko kuchelewa. Nyanyua. Halafu mwache atue."

Hakuna aliyecheka. Hata Lokwang mikono yake ilikaa juu ya punda.

Nilirusha. Nikanyanyua mshipi mara moja, nikaulegeza, nikaacha chuma kigonge chini. Nikahesabu kimoyomoyo muda wa unyoya kuinama. Nikanyanyua. Nikauacha utue. Ule unyoya mweusi ndani ya yale maji ya maziwa ulikuwa kama kivuli kinachopumua. Samaki haoni rangi huko, anaona giza linalosogea, na linaposimama anadhani limechoka. Mara ya tatu kutua, chuma hakikugonga chini. Kuna kitu kilikuwa kimekipokea.

Sitawaeleza ukubwa wake, mtasema bibi anaongeza chumvi. Mama Furaha alinishika kiuno, mimi nilishika mshipi, na tulipomlaza juu ya jiwe Mzee alikuwa tayari ameokota fimbo yake na kutupa mgongo, kwa sababu ya harufu. Alipompita Lokwang alisema maneno mawili.

"Shusha vyombo."

"Lakini baba…"

"Sikusema na punda."

Basi. Sufuria zangu zikarudi. Mama Furaha akaniwashia moto kabla sijafika, nikamfukuza, nikauzima, nikauwasha mwenyewe. Alinishangaa sana. Baadaye alielewa, naye alikuwa mwanamke aliyepoteza jiko lake mwenyewe kwenye vita.

Mzee alikwenda kwenye sherehe yake akiwa na pengo kwenye kofia. Sijui aliwaambia nini rika lake. Ila kila mwaka, maji yakianza tu kugeuka, niliamka asubuhi nikakuta unyoya mmoja mweusi umechomekwa kwenye ua wangu wa miba. Hapakuwa na salamu, hapakuwa na mjumbe. Mtu wa mifugo alipita, akachomeka, akaenda. Na kwangu hakuonja samaki hata siku moja, maji tu alikunywa, tena baada ya kuuliza kama kikombe kimeoshwa. Alipokufa tulikwenda Kaaleng kumzika. Kofia yake iliwekwa juu ya kigoda watu waione, na ilikuwa na matundu tu. Wazee walinong'onezana kwamba mtu mkubwa vile amekwenda bila unyoya hata mmoja, kwamba labda wanawe wameyauza. Lokwang alinitazama kutoka ng'ambo. Nilitazama chini. Hakusema, na mimi sikusema.

Haya, somo ndilo hilo, chukueni. Chai ya rangi, bado jaribu bati, lakini lipake masizi upande mmoja. Chai ya maziwa, kitu cheusi, laini, chenye kupumua. Unyoya wa mbuni haupatikani siku hizi, na msiende kumng'oa mbuni wa watu, mtafungwa. Manyoya ya jogoo mweusi yanatosha. Kakuma yamejaa, kila Mrundi anafuga kuku. Kitambaa cha buibui kilichochanwa nacho kinafaa. Tafuteni mahali maji mekundu yanapokutana na ya kijani, utaona mstari kama pindo la nguo. Sangara analala kwenye pindo hilo. Rusheni mchana upepo ukishatulia, maana asubuhi mawimbi yatawarudishia ndoano usoni. Nyanyua, acha atue. Mwenye haraka akachunge mbuzi.

Na jiwe langu msilitafute. Ziwa limepanda limelimeza, pamoja na mahali pa ua na mafiga yangu. Mikoma, ile miti tuliyochuma matunda yake, imesimama ndani ya maji imekufa, na ngege wanataga kati ya mashina. Ndipo watoto wangu walipoamua nije Lodwar. Walisema kidole hakikunjiki, macho yamefifia, ufuo umekwisha. Nyumba ya mwanangu ni nzuri. Kuna jiko la gesi ambalo siruhusiwi kuligusa. Chai naletewa. Hawana ubaya.

Nilikuwa nimefika hapa, nikitaka kumaliza kwa salamu, simu ikalia. Ni Akiru, mjukuu wangu, ndiye aliyebaki na mishipi yangu huko Lowarengak. Hakusalimia.

"Ata, maji yamegeuka."

"Rangi gani?"

"Kama chai."

"Ya rangi au ya maziwa? Si nimewafundisha!"

Akaenda kuteka. Nilimsikia anatembea kwenye mawe, nikasikia na upepo, ule ule uliofungua dirisha langu.

"Ya maziwa, Ata. Na hakuna anayeshika. Nifunge nini?"

Chini ya nguo zangu nina kibuyu kirefu, na ndani yake unyoya mmoja, wa mwisho aliouchomeka Mzee. Sikuutumia mwaka ule, sijui kwa nini, sikuwa na sababu. Nilifungua kinywa nimwambie nitautuma na dereva wa lori.

"Usifunge kitu," nikamwambia. "Nitafutie mawe matatu yanayolingana, uyaweke mbali na maji. Usiwashe."

Mke wa mwanangu ameniona nikifunga shuka na kile kibuyu, akauliza naenda wapi. Nimemwambia kalamu imeisha wino. Lori la Kaaleng na Lowarengak linapakia sasa hivi sokoni. Mwenye swali asinitafute Lodwar.